Kabla Hujainua Pikapu ya Mzee, Jibu Swali Moja

Umeiona hiyo video. Hilux ya miaka ya tisini, rangi imepigwa upya, imeinuliwa hadi mlango uko kifuani mwa mtu, tairi za matope zimejaa kama ngoma. Msee fulani anapanda nayo kijilima huku wenzake wakipiga mayowe. Sekunde kumi na tano tu. Chini yake maoni ni yale yale: "Hii ilifanyiwa wapi?" "Bei gani, buda?" Na wewe, umekaa kwa matatu kwenye foleni ya Mombasa Road, unakumbuka ile pikapu ya mzee iliyo nyumbani, ile inayosukumwa na tairi mbili za nyuma pekee. Wazo linaingia: si hata yetu inaweza?

Inaweza. Wacha niseme mapema, nisije nikaonekana natesa watu wenye ndoto. Pikapu kuukuu ya tairi mbili inaweza kugeuzwa ikawa 4x4, na ikafanya kazi miaka mingi. Najua kwa sababu yetu iligeuzwa. Shida ni kwamba iligeuzwa mara mbili. Mara ya kwanza vibaya, mara ya pili vizuri, na katikati ya hizo mara mbili kuna mkono wa babangu uliovunjika.

Kwa hivyo leo sikuuzii ndoto, na pia sikukatazi. Msimamo wangu ni huu: kama huna kazi ya kulipa gari hilo, usilikate. Na kama unayo kazi, fanya mageuzi yote mpaka mwisho au uache kabisa. Nusu ndiyo inaumiza watu.

Karo ikawa ekseli

Nilikuwa nasomea diploma ya uhandisi wa mitambo. Mwaka wa pili karo ikakatika, nikarudi nyumbani Kitengela. Sioni aibu kusema hivyo, tuko wengi. Mzee alikuwa na Hilux LN85 ya dizeli, injini ya 2.4, tairi mbili. Kazi yake ilikuwa kupeleka maji, nyasi kavu na chakula cha kuku kwa watu waliojenga ndani ndani, upande wa Isinya, mahali ambapo barabara ni jina tu.

Kama umewahi kuishi huku unajua udongo wetu mweusi. Jua likiwaka unapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono kwenye ufa. Mvua ikinyesha nusu saa, unakuwa gundi. Unashika tairi, unajaza meno yake, na tairi ya matope inageuka kuwa mpira laini unaozunguka bure. Kila msimu wa mvua mzee alikuwa anapoteza wateja kwa wenye 4x4. Wengine hawakurudi hata jua lilipotoka.

Halafu zamu ya mathe kwenye chama ikafika. Shilingi 120,000. Mathe alitaka nirudi shule, angalau nimalize mwaka. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema, kwa mdomo huu, "Mathe, hii pikapu ikipata fo-wili, itanilipia karo yenyewe." Nilikuwa nimetazama video nyingi sana. Mzee hakusema neno. Mathe akanipa pesa.

Nikampata fundi karibu na nyumbani, kijana mwenzangu, simu imejaa picha za magari aliyoinua. Akachukua 95,000 na wiki tatu. Pikapu ikatoka imesimama juu, imependeza, mpaka watoto wa mtaa wakaja kupiga nayo picha. Mimi pia nilipiga.

Kilichokuwa kimefanywa, na ambacho hakikufanywa

Hapa nataka uende polepole na mimi, maana ndipo pesa za watu hupotelea.

Watu wengi hudhani pikapu ya tairi mbili ni ile ile ya 4x4 iliyopungukiwa na ekseli moja ya mbele. Sivyo. Chukua hizo Hilux za kati ya mwisho wa miaka ya 80 na miaka ya 90. LN85 ya tairi mbili ina saspenshoni ya mbele ambayo kila tairi inajitegemea, kwa mikono miwili na chuma kirefu kinachojipinda kama springi. LN106, ndugu yake wa 4x4, ina ekseli moja nzima mbele, imekalia springi za majani. Kwa hivyo chesisi ya ile ya kwanza haina hata mahali pa kufungia hizo springi. Lazima mtu azitengenezee vishikizo na kuvichomelea kwenye chesisi, na vikikaa pembe moja ya milimita kumi mbele ya nyingine, gari litavuta upande maisha yake yote.

Baada ya hapo kuna giaboksi. Transfa, ile sanduku la pili linalogawa nguvu mbele na nyuma, haibandikwi tu nyuma ya giaboksi ya tairi mbili. Shafti inayotoka ni tofauti. Unahitaji giaboksi na transfa zilizokuwa pamoja. Propela ya nyuma inabidi ikatwe upya kwa sababu transfa imekula nafasi yake, na ya mbele itafutwe. Bakuli la oili chini ya injini pia lina umbo jingine kwenye 4x4, ili ekseli ipande na kushuka bila kuligonga. Usukani nao hubadilika. Mabomba ya breki hubadilika. Kebo ya breki ya mkono hubadilika.

Na rimu! Hii ndiyo ilinichekesha baadaye, wakati huo haikuwa ya kuchekesha. Hilux ya tairi mbili ina nati tano kwa kila tairi. Ya 4x4 ina nati sita. Fundi wetu alileta ekseli ya mbele tu. Tukawa na gari lenye nati sita mbele na tano nyuma. Ukipata pancha, unauliza kwanza ni upande gani kabla hujafungua spea.

Lakini kosa kubwa lilikuwa ndani, halionekani. Difu ya nyuma ya kwetu ilikuwa ya meno 41 kwa 10, yaani 4.10. Ya mbele aliyoileta ilikuwa 41 kwa 9, yaani 4.56. Fanya hesabu nami. Ukiwa kwenye 4x4, propela ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja, zinazunguka sawa. Zikizunguka mara 41, tairi za nyuma zimezunguka mara 10 na za mbele mara 9. Tairi za ukubwa mmoja, gari moja, lakini nyuma inataka kwenda mbali kuliko mbele. Kwenye matope zitateleza na hutajua. Kwenye ardhi kavu, kitu lazima kivunjike: kiungio cha propela, meno ya transfa, au shafti ya ekseli.

Kujua kama difu zinalingana hakuhitaji kompyuta. Zima gari, funga tairi za ekseli ile nyingine kwa mawe, weka giya huru na transfa huru. Inua ekseli unayopima ikae kwenye stendi imara, si jeki peke yake. Mwambie mwenzako ashike tairi moja isizunguke. Zungusha ile nyingine mara mbili kamili, huku ukihesabu propela imezunguka mara ngapi. Hiyo hesabu ndiyo difu yako. Ikitoka mara nne na kidogo kabisa, ni 4.10. Ikitoka mara nne na nusu na kitu, ni 4.56. Fanya mbele, fanya nyuma. Zisipolingana, usilipe salio.

Dakika kumi za kazi. Mimi niliyesomea mitambo miaka miwili sikuzifanya.

Asubuhi ya korongo

Wiki ya nne baada ya gari kutoka, mzee alipakia tangi la maji la lita 1,000. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo hiyo ni tani nzima imekaa juu ya pikapu iliyoinuliwa. Kabla hajaondoka aliniuliza, "Umeangalia breki?"

Nikamwambia, "Mzee, iko sawa."

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nimeangalia rangi ya shoka za mbele.

Njia ile inashuka kwenye korongo, kisha inapanda upande wa pili. Kwenye mteremko, tairi ya mbele kushoto iliingia kwenye shimo na ekseli ikaning'inia chini. Mpira wa breki, ule unaotoka kwenye chesisi kwenda kwa ekseli, ulikuwa wa urefu wa zamani. Gari limeinuliwa, mpira haukuongezwa. Ukavutika, ukachomoka. Pedali ikazama karibu hadi sakafuni, zikabaki breki za nyuma pekee dhidi ya tani moja ya maji inayosukuma kutoka juu.

Mzee aliligonga gari kwenye ukingo wa korongo makusudi, ili lisimame. Tangi likapasuka. Yeye akavunjika mkono wa kulia juu kidogo ya kifundo. Tunashukuru Mungu hakukuwa na mtu mbele, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya watoto wa shule.

Bima yetu ilikuwa ya thadi pati, ile ya lazima, ambayo haikulipii gari lako mwenyewe. Kwa hivyo hasara yote ilikuwa yetu. Niliporudi kwa yule fundi alisema kazi ilikuwa nzuri, na kwamba mzee alipakia kupita kiasi. Simtaji jina, na hata ningemtaja haingesaidia, kwa sababu breki aliniuliza mzee, na jibu nilitoa mimi.

Kuinua ni jambo jingine kabisa

Ukiniruhusu, tutenganishe vitu viwili ambavyo video zinavichanganya: 4x4 na urefu. Pikapu inaweza kuwa 4x4 bila kuinuliwa, na inaweza kuinuliwa bila kuwa 4x4. Kitu cha kwanza kinakupa nguvu kwenye tairi nne. Cha pili kinakupa nafasi ya chini, na hata hiyo si kama unavyodhani.

Sehemu ya chini kabisa ya Hilux kama hii ni ile bonge ya difu iliyo katikati ya ekseli. Ukiongeza springi ndefu, unainua chesisi na bodi, lakini ekseli inabaki palepale, maana imekalia tairi. Kinachoinua difu ni tairi kubwa peke yake, na hata hiyo ni nusu. Ukitoka tairi ya inchi 28 kwenda inchi 31, umeongeza inchi tatu kwa jumla, lakini difu imepanda inchi moja na nusu. Zile nyingine ziko juu ya ekseli.

Na spidomita sasa inadanganya. Tairi ya 31 inasafiri karibu asilimia 11 zaidi kwa kila mzunguko kuliko ya 28. Ukiona 80 kwenye dashibodi, uko karibu 89 barabarani. Kamera ya barabarani na mtoto anayevuka hawasomi dashibodi yako.

Halafu kuna kupinduka. Wahandisi wana kipimo rahisi: upana kati ya tairi za kushoto na kulia, ugawe kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme upana ni mita 1.4 na kitovu kiko mita 0.7 kutoka chini. Jibu ni 1. Inua gari sentimita 10 kwa springi bila kupanua upana wa tairi, jibu linashuka hadi karibu 0.88. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo kona inavyokupindua kwa kasi ndogo. Sasa ongeza tangi la maji lililojaa nusu, maji yanayumba upande mmoja kila ukikata kona. Umeona picha?

Tena fikiria aliye mbele yako. Taa za pikapu iliyoinuliwa, zisiporekebishwa, zinamulika moja kwa moja kwenye kioo cha mwenye Vitz. Na ukimgonga, bampa yako haikutani na bampa yake, inakutana na mlango na kichwa chake.

Sisemi usiinue kabisa. Pikapu yetu leo imeinuka sentimita 5, kwa sababu ekseli ya mbele inahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Hizo ndizo kazi yake ilihitaji. Zaidi ya hapo ingekuwa ni ya picha.

Swali la mzee wa Kariobangi

Mzee alipotoa plasta, rafiki yake alitupeleka Kariobangi Light Industries kwa fundi mmoja wa makamo. Hana cheti hata kimoja ukutani. Alizunguka gari mara mbili, akainama, akashika ule mpira wa breki uliokatika, akanitazama.

"Kijana, hii gari mnaenda nayo wapi?"

Nikaanza kumweleza kuhusu springi na tairi za 33. Akanikatiza kwa upole. "Hapana. Nimeuliza mnaenda nayo wapi. Mmebeba nini, mara ngapi kwa wiki, na lami ni kilomita ngapi."

Mzee ndiye aliyejibu. Fundi akafikiria, kisha akasema kitu ambacho kingeniokolea pesa zote: "Mngekuja kwangu kwanza, pengine ningewaambia msifanye."

Akaeleza. Pikapu ya tairi mbili hukwama haraka ikiwa tupu kwa sababu uzito uko mbele na nguvu iko nyuma. Difu ya kawaida nayo hupeleka nguvu kwa tairi iliyo rahisi kuzunguka, yaani ile inayoteleza. Ndiyo maana unaona tairi moja inachimba kaburi na nyingine imetulia kama iko kanisani. Tairi nzuri za matope nyuma, difu ya kufunga, minyororo ya tairi kwa siku mbaya, na kupunguza upepo. Tairi iliyo na 35, ukiishusha hadi 20 kwenye matope, inalala na kushika ardhi zaidi, mradi uijaze tena kabla ya lami na usikimbie. Hizo zote pamoja, alisema, zingetufikisha sehemu nyingi tulizohitaji kufika, kwa pesa ndogo kuliko tulizoharibu.

Tena alituambia kwamba hata 4x4 yenye difu za kawaida inaweza kukwama tairi mbili tu zikiteleza, moja mbele na moja nyuma. Neno "4x4" kwenye mlango halitoi gari kwenye shimo.

"Lakini nyinyi mna mteremko, mna mzigo wa tani, na mna mvua," akasema. "Kazi ipo. Sasa tufanye kazi yote."

Akatafuta seti nzima kutoka kwa gari moja lililokatwa: ekseli mbili, giaboksi na transfa, propela, usukani, mpaka bakuli la oili. Ekseli zote mbili kutoka gari moja, kwa hivyo difu zinalingana na nati ni sita kila mahali. Mabomba ya breki marefu, mapya, na akanifanya nining'inize ekseli yote chini nione kama kuna mpira unaovutika. Vishikizo vya springi akavipima kwa kamba kutoka nyuma ya chesisi, kona kwa kona, kabla hajachomelea hata kimoja. Chesisi yenyewe haikubadilishwa, kwa sababu namba ya chesisi ndiyo kitambulisho cha gari kwenye logbuku, na ukibeba chesisi ya gari jingine umebeba na maswali yake.

Ilikuwa 210,000. Tulilipa kidogo kidogo kwa miezi minane. Nikafanya kazi kwake siku tatu kwa wiki kupunguza deni.

Somo la mwisho alitoa siku ya kuchukua gari. Transfa ya zamani kama hii haina difu katikati. Ukikata kona, tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma, na kwenye matope tofauti hiyo hupotea kwa kuteleza. Kwenye lami haina pa kwenda, chuma ndicho hubeba. "Ukiona lami, toa fo-wili. Ukiona vijana wanataka uonyeshe, toa pia." Giya ya chini ya transfa hizi za meno ni 2.28 kwa 1, yaani tairi inazunguka polepole zaidi ya mara mbili na nguvu inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Kwenye mteremko wa korongo, mzee sasa hushuka kwa giya hiyo, mguu karibu haugusi breki.

Kwa wenye mihuri

Nikishamaliza kujilaumu, nina la kusema kwa wakubwa pia.

Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na ukibadilisha injini au bodi unatakiwa kuwajulisha NTSA ili rekodi ibadilike. Sawa. Lakini kijana wa mtaani anayetaka kugeuza pikapu hajui aanzie wapi, na fundi wake pia hajui. Matokeo ni kwamba gari linakatwa usiku, linatoka asubuhi, na kila mtu anaomba lisiulizwe. Ningependa kuona orodha fupi, kwa lugha tunayoongea, inayosema: ukiongeza ekseli, haya ndiyo yatapimwa. Breki, usukani, kuchomelea, taa. Uje kabla ya kupaka rangi, si baada ya ajali. Mwenye bima naye aambiwe kabla, maana kumficha ni kumpa sababu ya kukataa kulipa.

Na huyo fundi wa Kariobangi. NITA ina mitihani ya ufundi ya gredi, na kuna mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa, KNQA ikiusimamia. Mipango mizuri. Lakini mtu anayekula kwa kazi ya siku hawezi kufunga gereji kufuata fomu mjini. Wakaguzi wamfuate Kariobangi, Gikomba, Grogan. Wamtazame akipima chesisi kwa kamba. Akipita, apewe cheti akibandike ukutani, ndipo mtoto wa mtu kama mimi ajue tofauti kati ya fundi na mwenye picha nyingi kwenye simu.

Kwako wewe

Najua utasema hii ni hadithi ya mtu aliyeungua. Ni kweli. Pia utasema gari ni raha, si kazi pekee. Nakubali. Hakuna ubaya kupenda chuma. Lakini angalia hata wanaocheza kwa ukweli. Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia ua wa msitu wa Aberdare, hayampi ushindi aliye na kasi wala aliye na gari refu. Anashinda aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi. Wale watu hupima kila kitu.

Kwa hivyo kabla hujamwambia mzee akupe funguo, kaa naye chini na kalamu. Tunaenda wapi na hili gari? Tunabeba nini? Mara ngapi kwa mwaka tunakwama, na kila kukwama kunatugharimu shilingi ngapi? Kama jibu ni mara tatu kwa mwaka, nunua tairi nzuri na minyororo, pesa zingine zipeleke shule. Kama jibu ni kila wiki, tafuta gari zima la 4x4 kwanza uone bei yake, kwa sababu mara nyingi kuuza la tairi mbili na kuongeza kidogo ni nafuu kuliko kukata. Ukishaona bado ni bora kugeuza, basi tafuta seti nzima ya gari moja, hesabu difu mwenyewe, na ning'iniza ekseli uangalie mipira ya breki kwa macho yako.

Mkono wa mzee umepona, ingawa asubuhi za baridi bado anaukunja na kuukunjua kabla ya kushika usukani. Deni la Kariobangi liliisha mwezi uliopita. Wateja wawili wa Isinya wamerudi. Mimi bado sijarudi chuo, lakini najiandaa kwa mtihani wa gredi wa NITA, na mathe ameanza tena kuweka pesa za chama.

Kila asubuhi ya mzigo, mzee bado ananiuliza, "Umeangalia breki?" Siku hizi simjibu kabla sijalala chini ya gari na tochi.